Diski mbili ndani ya boksi moja bado ni nakala moja

Swali: Ninasimamia ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Tuko watu saba, na kwa siku tunashughulikia malori kama 20. Nyaraka za wateja tulikuwa tunaziweka kwenye kompyuta moja na diski moja ya nje. Mwezi uliopita ile diski ya nje ilianza kugonga kwa ndani, kisha ikakataa kusomeka, na skani za miezi mitano zilizokuwa humo peke yake zikapotea. Muuzaji mmoja wa Kampala ananishauri ninunue boksi la NAS, yaani boksi la diski ambalo kompyuta zote za ofisi hulitumia kupitia mtandao, lenye nafasi nne za diski, niliweke RAID 5, na anasema baada ya hapo sitapoteza faili tena. Bei yake ni nzito kwetu. Je, anasema kweli? Na ile diski iliyokufa, kuna namna ya kuiokoa?

Jibu: Dada yangu, pole sana. Kwa kazi yenu miezi mitano ya skani si kitu kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha miaka 5 ya kukurudia na kudai hati za mzigo ambao wewe ulishausahau. Tamko la forodha utalikuta ndani ya ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, lakini ankara ya muuzaji, orodha ya upakiaji, bili ya shehena na barua za mteja ziko kwako, na ni wewe utakayeulizwa. Kwa hiyo nitalijibu swali lako kwa urefu, na ile diski iliyokufa nitaifikia mwishoni. Kwa sasa naomba jambo moja tu: msiichomeke tena mpaka umalize kusoma.

Muuzaji amekwambia nusu ya kweli. RAID ni mpangilio wa diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ili moja ikifa zilizobaki ziendelee na ofisi isisimame. Ni kitu kizuri na ningependa uwe nacho. Lakini kinakukinga na jambo moja tu, nalo ni kifo cha diski. Mtu akifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote sekunde ileile. Virusi vya kudai fidia vikifunga faili, vinazifunga kwenye diski zote. Mwizi akibeba boksi chini ya koti, amebeba diski zote. Paa likivuja juu yake, zote zimelowa.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ya wanasheria Kampala. Karani alikuwa anasafisha folda za zamani Ijumaa jioni, akafuta kesi za mwaka mzima akidhani ni nakala ya ziada. Jumatatu walinionyesha boksi lao la diski mbili: taa za kijani zinawaka, diski zote nzima, hakuna hitilafu hata moja. Mashine ilikuwa imetii amri ya kufuta kwa uaminifu kamili, mara mbili. Waliamini wana nakala mbili, kumbe walikuwa na moja iliyoandikwa sehemu mbili. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza habari za RAID, mimi namuuliza kwanza nakala yake iliyo nje ya jengo iko wapi.

Tupige hesabu ya mahitaji yako, maana hapo ndipo fedha zako zinapookoka. Faili ya lori moja, ikiwa na kurasa 30 zilizoskaniwa vizuri, haizidi megabaiti 10 hivi. Malori 20 kwa siku ni megabaiti 200. Kwa siku 300 za kazi ni gigabaiti 60 kwa mwaka, na kwa miaka 5 ni gigabaiti 300. Diski ndogo kabisa zinazouzwa kwa kazi hii leo ni za terabaiti 2 hivi, yaani mara sita ya unachohitaji. Boksi la diski nne ni la watu wa video na studio za picha. Wewe nunua boksi la diski mbili, uziweke kwenye RAID 1, ile mafundi wanayoiita kioo, kwa sababu diski ya pili inaandikwa kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza.

Mbona si RAID 5? Katika RAID 5 data hukatwa vipande na kutawanywa kwenye diski tatu au zaidi pamoja na hesabu ya ziada inayoitwa pariti, ambayo ndiyo inayosaidia kukokotoa kilichokuwa kwenye diski iliyokufa. Unabana nafasi, ndiyo. Lakini hakuna diski hata moja ndani yake unayoweza kuitoa ukaisoma peke yake. Na ukiweka diski mpya mahali pa iliyokufa, zilizobaki zote zinasomwa mwanzo hadi mwisho bila kupumzika ili kuijaza. Diski ya terabaiti 4 ikijazwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 7, na muda huo wote hitilafu kwenye diski ya pili inaweza kumaliza kila kitu. Kwenye RAID 1 kila diski ni nzima kwa nafsi yake. Boksi lenyewe likiungua, fundi anayejua Linux anaweza kuichomeka diski moja kwenye kompyuta ya kawaida akakusomea faili zako. Mimi nimefanya hivyo kwa diski zilizotoka kwenye boksi la Synology na ilikuwa kazi ya alasiri moja.

Kuhusu aina ya boksi sitakuchosha: Synology au QNAP ya diski mbili, ile ya kawaida, inatosha. Wapo watakaokwambia uchukue kompyuta kuukuu uiwekee OpenMediaVault au TrueNAS bila kulipia programu. Ni programu nzuri, na kama mngekuwa na fundi wenu wa kudumu ningekuunga mkono. Hamna. Siku itakapogoma, uwe na kitu ambacho kijana yeyote wa Tororo au Mbale anaweza kukifungua na kukielewa.

Diski ndizo za kuangaliwa kwa makini. Omba diski zilizotengenezwa kwa ajili ya NAS, na uhakikishe si za aina ya SMR. Hizo SMR huandika mistari ya data ikipandana kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha mstari mmoja kunalazimisha kuandika upya na ya jirani. Wakati wa kujaza diski mpya zinaburuta miguu mno, na boksi linaweza kuzikataa kabisa. Mwaka 2020 kampuni ya WD ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa za SMR, na watu wengi walikuwa wameshazinunua bila kujua. Chukua WD Red Plus au Seagate IronWolf. Kabla hujalipa, andika namba ya diski kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama dhamana yake ingali hai, kwa sababu diski zilizotumika hufutwa vumbi na kuuzwa kama mpya. Na ukiweza, zile mbili zitoke maduka mawili tofauti. Diski pacha zilizotoka kiwandani siku moja na kufanya kazi moja chini ya joto moja zina tabia ya kuchoka pamoja.

Sasa umeme. Hapa nitakaa kidogo, maana maboksi mengi ninayoletewa yameuawa na umeme, hayakufa kwa uzee.

Tangu Aprili 2025 kampuni ya serikali ya UEDCL ndiyo inayosambaza umeme badala ya kampuni ya Umeme, lakini jina la msambazaji halibadilishi mvua za Machi na Aprili. Umeme unaporudi baada ya kukatika, mara nyingi hurudi ukiwa juu au ukiyumba, na diski inayozunguka wakati huo ndiyo inayoumia. Boksi likizimika ghafla katikati ya kuandika, faili iliyokuwa inaandikwa inaweza kuharibika pande zote mbili za kioo. Kwa hiyo UPS, yaani betri ya kushikilia vifaa umeme ukikatika, si pambo. Kama fedha hazitoshi vyote, nunua UPS na diski za nje kwanza, boksi la NAS lingoje mwezi ujao. Ninalisema hili nikijua muuzaji wako hatalipenda.

Chukua UPS ya VA 650 au zaidi yenye AVR, yaani inayonyoosha umeme ukiwa juu au chini hata kabla haujakatika. Boksi la diski mbili, swichi ya mtandao inayounganisha kompyuta zenu, na ruta kwa pamoja havizidi wati 50 hivi, kwa hiyo itawabeba dakika za kutosha. Usiichomekee printa ya leza hata siku moja. Halafu kuna jambo ambalo karibu kila ofisi ninayoitembelea hulisahau: ule waya wa USB unaokuja na UPS uchomekwe kwenye boksi, na ndani ya mipangilio uliamuru lijizime lenyewe baada ya dakika 5 bila umeme. Bila waya huo, betri inaisha usiku hakuna mtu, na boksi linazimika ghafla vilevile, ila limechelewa nusu saa. Ukishapanga, chomoa UPS ukutani mbele ya wafanyakazi wote, ukae ungoje mpaka boksi lijizime kwa utulivu. Usikubali kuambiwa “imeshawekwa”, lione kwa macho yako. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi sita, na uweke akiba ya betri mpya baada ya miaka mitatu hivi.

Radi ni jambo lingine, na ukanda wetu huu wa kuzunguka Ziwa Victoria unapigwa radi sana. UPS haiwezi kusimamisha radi iliyoanguka karibu. Na watu wanalinda waya wa umeme tu, wakasahau kwamba intaneti yao inatoka kwenye antena iliyo juu ya bati, ikishuka kwa waya wa shaba hadi kwenye ruta, kutoka ruta hadi swichi, kutoka swichi hadi boksi. Radi inapita njia hiyo bila kugusa UPS. Mwite fundi wa umeme apime waya wa ardhini wa jengo lenu, aifunge antena kwenye ardhi hiyo, na aweke kizuia radi cha waya wa mtandao pale unapoingia ndani. Hata hivyo kinga ya kweli ya radi ni moja: diski isiyochomekwa popote. Nitaifikia.

Mtandao wa ndani hauhitaji maneno mengi. Swichi iwe ya gigabiti. Ile ya zamani ya megabiti 100 itakupitishia kama megabaiti 11 kwa sekunde, wakati ya gigabiti inapitisha kama 110, na tofauti ya bei ni ndogo. Boksi lenyewe lisitegemee Wi-Fi, liwe kwenye waya wa Cat 5e au Cat 6. Lipe anwani ya IP isiyobadilika. Vumbi la malori ya Malaba nalijua, kwa hiyo lisikae sakafuni karibu na mlango. Liweke juu, kwenye kabati linalofungwa kwa ufunguo lakini lenye matundu ya hewa, na joto la diski lisipite nyuzi 45.

Kila mfanyakazi awe na jina lake na neno lake la siri. Anayeskani aweze kuongeza faili kwenye folda ya mwezi huu, lakini folda za miaka iliyopita azisome tu bila kuzigusa. Hatua hiyo peke yake ingewaokoa wale wanasheria. Washa pia snapshoti, ile kazi ya boksi kukumbuka hali ya faili ilivyokuwa jana na juzi, ili kilichofutwa Ijumaa kirudishwe Jumatatu kwa kubofya. Hakikisha tu modeli unayonunua inazo, maana zile za bei ya chini kabisa nyingine hazina. Zima SMB1, lugha ya zamani ya kushirikiana faili ambayo virusi vya WannaCry viliitumia kuenea dunia nzima mwezi Mei 2017. Na tafadhali, usimruhusu mtu yeyote afungue mlango wa boksi kwenda kwenye intaneti ili bosi aone faili akiwa Mombasa. Mwaka 2022 virusi vya DeadBolt vilifunga faili za maelfu ya watu wenye maboksi ya QNAP yaliyoachwa wazi namna hiyo. Bosi akitaka kuingia akiwa mbali, apitie VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa ndani ya intaneti.

Sasa ndiyo tufike kwenye nakala za kweli. Nunua diski mbili za nje za terabaiti 1 au 2. Ziandike A na B kwa kalamu nene. Jumatatu unachomeka A nyuma ya boksi, boksi linaweka humo nakala ya kila kitu usiku. Ijumaa unaitoa na kwenda nayo nyumbani, Jumatatu inayofuata unakuja na B. Hivyo daima kuna moja ambayo haiko ofisini, haiko kwenye umeme, haiko kwenye mtandao. Radi haiifikii, virusi haviioni, mwizi wa Malaba hajui kwamba iko Tororo chini ya kitanda chako. Ikiibiwa ofisi nzima usiku wa leo, hasara yako ni kazi ya siku chache, na nyingi ya hizo bado utazipata kwenye barua pepe.

Kwa kuwa diski hizo zinasafiri kwenye mkoba wako ndani ya teksi, zifungwe kwa neno la siri kwa njia ya usimbaji. Zina namba za TIN za wateja, pasipoti, namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inakuwajibisha wewe uliyekusanya taarifa hizo, na diski iliyodondoka bila usimbaji ni taarifa za watu zilizomwagika barabarani. Neno lenyewe liandike kwenye karatasi mbili, moja kwenye sefu ya ofisi, nyingine kwa mkurugenzi. Nimeona nakala nzuri kabisa ikawa chuma kitupu kwa sababu aliyejua neno la siri aliacha kazi.

Huenda unajiuliza kuhusu kuhifadhi faili kwenye intaneti, yaani kwenye wingu. Kama nakala ya tatu ni jambo zuri. Gigabaiti 300 kwa laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni kama siku tano na nusu mfululizo, lakini ukishamaliza mzigo wa kwanza, megabaiti 200 za kila siku hupanda kwa dakika tano au sita. Usiifanye tu kuwa nakala ya pekee. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na ofisi ambazo faili zao zote zilikuwa kwenye wingu tu zilikaa zikitazama skrini.

Ukihamisha faili, usiache mbachao kwa msala upitao: ile kompyuta ya zamani ibaki kama ilivyo kwa mwezi mzima, bila kufutwa kitu, mpaka uone boksi jipya limezoea kazi. Siku ya kwanza kabisa, kabla hamjaweka chochote cha maana, chomoa diski moja kwenye boksi likiwa linafanya kazi. Litapiga kelele, faili zitaendelea kufunguka. Irudishe, uangalie linavyojijaza. Wafundishe wenzako kuijua kelele hiyo, na uliamuru boksi likutumie barua pepe diski ikianza kuugua. Kuna ofisi ilizima kengele kwa sababu inasumbua. Diski moja ilikufa Machi, hakuna aliyejua, ya pili ikafuata Agosti. Walikuja kwangu wakiwa na diski mbili zilizokufa na wanauliza RAID ina faida gani.

Na kila mwisho wa mwezi chukua diski ya nje, ichomeke kwenye kompyuta nyingine kabisa, ufungue faili tatu za malori uliyoyachagua bila mpango: moja ya wiki hii, moja ya miezi sita iliyopita, moja ya mwaka jana. Zikifunguka na kurasa zikasomeka, andika tarehe kwenye daftari na utie sahihi. Ni dakika kumi. Mimi huwaambia wateja wangu wasiite kitu nakala mpaka kimefunguliwa mahali pengine.

Nirudi kwenye ile diski iliyokufa. Mlio wa kugonga kwa kawaida ni kichwa cha kusomea kinachoshindwa kupata njia yake, na kila inapowashwa kinaweza kukwaruza uso wa sahani na kufuta kilichobaki. Kwa hiyo isiwashwe tena. Isifunguliwe kwa bisibisi, maana chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuimaliza, na isiwekwe kwenye friji hata kama mtu anaapa ilimsaidia, kwa sababu ikitoka humo inashika unyevu ndani. Diski ambayo iko kimya kabisa na taa haiwaki huwa na matumaini zaidi, kwa kuwa mara nyingi ni waya wake au kasha lake la nje lililokufa, na fundi anaihamishia kasha lingine kwa muda mfupi. Yako inagonga, kwa hiyo ni kazi ya watu wenye chumba kisicho na vumbi na vichwa vya akiba, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya boksi zima tulilokuwa tunalizungumzia.

Kabla hujalipa gharama hiyo, jaribu njia hii. Chukua orodha ya matamko ya miezi hiyo mitano kutoka ASYCUDA, uipange kwa mteja, kisha waandikie wateja na mawakala wa meli wa Mombasa uombe nakala za ankara na bili za shehena. Wengi wao bado wanazo kwenye barua pepe zao. Pekua pia barua pepe zenu wenyewe na simu za wafanyakazi, kwa sababu hati nyingi siku hizi hupita WhatsApp kabla ya kufika kwenye skana. Anza na wateja ambao mizigo yao ilikuwa na msamaha wa kodi au thamani iliyobishaniwa, maana hao ndio forodha hurudi kuwauliza mapema. Diski yenyewe ifunge kwenye mfuko, uiandike tarehe, uiweke kwenye droo mpaka ujue ni faili zipi ambazo hakuna mtu mwingine aliye nazo.